Mgeni Aliyempa Mwenyeji Jembe

"Toa kipande."

Kama umewahi kusimamishwa na karao usiku, unayajua hayo maneno mawili. Unaingiza mkono mfukoni, unatafuta kitambulisho, unaomba Mungu usiwe umekisahau kwa suruali ile nyingine. Mimi nilipata changu nikiwa na miaka 18, nikaenda mbio kumwonyesha kogo, yaani nyanya yangu. Nilidhani atafurahi. Alikishika, akakigeuza mbele na nyuma, akacheka kidogo. "Weri," akaniambia, "hiki ni chepesi. Cha babangu kilikuwa cha kuvaa shingoni."

Nilifikiri ni mzaha wa wazee. Haukuwa mzaha, na hiyo ndiyo hadithi ya leo.

Lakini kwanza nikiri kitu. Mwaka jana niliweka video ya dakika tatu nikifoka kuhusu wageni wanaofanya kazi Kenya. Nilikuwa nimeona fundi wa kigeni akija kufunga mashine kwa kiwanda cha chai, na mimi najua vijana wenye diploma ya umeme wanaoendesha boda hapa kwetu. Nikawaka. Nikasema vibali vya kazi vifutwe vyote, kila mgeni arudi kwao. Video ilienda mbali kuliko yoyote niliyowahi kufanya. Leo nikiitazama nasikia aibu kidogo. Hasira bado ninayo. Shida ni kwamba niliongea kuhusu vibali bila kujua hii karatasi ilitoka wapi, na iliwahi kumfanyia nini mtu wa kwetu.

Sisi ni watu wa Chebunyo, huku chini Chepalungu, kaunti ya Bomet. Mtu wa Nairobi akisikia Bomet anafikiri kila mtu amezaliwa katikati ya majani chai. Hapana. Kwetu chai ni ya kunywa. Sisi ni mahindi, ng'ombe wa maziwa na jua kali. Majani yako juu huko, kuelekea Konoin na Kericho, kule mvua haichoki. Baba yake kogo alitembea kwa miguu kwenda huko kutafuta kazi, miaka ya 1930. Na ili apate kazi kwenye ardhi ambayo babu zake walilisha ng'ombe, ilibidi awe na kibali.

Soma hiyo sentensi tena, pole pole.

Kuna methali tumefundishwa tangu shule ya msingi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake mgeni akikaa sana asaidie kazi kama wengine. Sasa hapa kwetu mambo yalienda kinyume. Mgeni alikuja, akakaa, na siku ya tatu ni yeye aliyempa mwenyeji jembe.

Ilikuwaje? Serikali ya kikoloni ilitunga sheria za ardhi mwaka 1902 na tena 1915, na kwa sheria hizo ardhi ikawa mali ya Mfalme wa Uingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani walitengewa ekari kama 25,000 hapa Kericho ili walime kitani. Hawakuzaliwa hapa, hawakuomba kibali kwa mzee yeyote wa Kipsigis. Kilimo chenyewe kiliwashinda. Bei ya kitani ilianguka na mradi ukafa. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai, Brooke Bond na James Finlay, zikaingia Kericho na kuanza kupanda. Mashamba mnayopiga picha za harusi leo yalianzia hapo.

Shamba bila wafanyakazi ni kichaka. Na Mkipsigis mwenye ng'ombe wake na wimbi lake hakuwa na haraka ya kuamka alfajiri akachumie mtu mwingine majani. Kwa hiyo walitumia vitu viwili. Cha kwanza ni kodi ya nyumba. Ilibidi ilipwe kwa pesa, na pesa ilikuwa kwa mzungu. Mwaka 1919 gavana Northey hata alitoa waraka wa kuwataka machifu na maafisa "wahimize" watu waende kazini, na tunajua chifu wa siku zile alikuwa anahimiza vipi. Cha pili kilikuwa kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, ikachelewa kwa sababu ya vita, ikaanza kutekelezwa mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa kuanzia miaka kama 16 alitakiwa kujiandikisha, achapishe alama za vidole, apewe karatasi yenye jina, kabila na mahali alikotoka, na ndani yake iandikwe kila kazi aliyofanya. Mwajiri aliandika mshahara. Mwajiri aliandika tarehe ya kuanza. Na siku ya kuondoka, mwajiri alitia sahihi kuonyesha amekuachilia. Karatasi ilitiwa kwa kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Sidhani hapo kuna kitu cha kufafanua.

Ujanja wote ulikuwa kwa ile sahihi. Kama bosi anakupiga, anakupunja, au umepata kazi nzuri shamba la jirani, huwezi tu kuondoka. Ukitoka bila sahihi wewe ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Polisi walikutafuta kwa alama za vidole. Na kwa sababu mshahara wako wa zamani umeandikwa pale, bosi mpya hakuwa na sababu ya kukulipa zaidi. Yaani mtu alibeba shingoni ushahidi wa kwamba yeye ni wa bei rahisi.

Watu walipinga, msidhani walinyamaza. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake waliunda chama Nairobi, na kipande kilikuwa kati ya malalamiko yao makubwa, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulipokusanyika kudai aachiliwe, polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21, wengine wakasema walikuwa wengi zaidi. Mmoja wa waliouawa ni Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume kwa kusitasita. Kipande chenyewe kiliendelea miaka mingine 25. Mwaka 1947 ndipo ikaja sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Na hapo ndipo nilicheka peke yangu nikisoma: walowezi waliposikia kwamba sasa na wao watachapishwa vidole kama "wahalifu", walipiga kelele mpaka wakalegezewa. Mwenye kujaza fomu kwa Kiingereza na kuleta picha akaruhusiwa kukwepa wino. Kitu walichoona ni cha kawaida kwa baba yake kogo kwa miaka karibu 30, wao hawakukivumilia hata mwaka mmoja.

Kogo anasema babake alipofika nyumbani mara ya mwisho alikitupa kile kikasha chooni. Sina cha kuwaonyesha kwa video, poleni. Jina ndilo lilibaki. Ndiyo maana mpaka leo karao anakuambia utoe kipande.

Sasa tuje kwa wageni waliokuja kufanya kazi, maana hao pia wana historia yao ya makaratasi. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ilijengwa kuanzia 1896, na wafanyakazi kama 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba wa miaka mitatu. Karibu 2,500 walikufa. Wengi wakarudi kwao, kama 6,700 wakabaki. Wengine waliwafuata kufungua maduka, mpaka vijiji ambavyo hata barabara havikuwa nayo. Ukienda Kericho mjini leo utaona gurdwara kubwa ya Masingasinga, imejengwa kwa heshima ya Baba Puran Singh, aliyefanya kazi ya kuunda magari ya kukokotwa hapo Kericho kabla ya kuhamia Uingereza. Watu kama yeye hawakuwa walowezi na hawakuwa wenyeji. Walikuwa katikati, na mtu wa katikati ndiye huumia makaratasi yakibadilika.

Yalibadilika kweli. Uhuru ulipokuja 1963, wakazi wenye asili ya Asia na Ulaya ambao hawakupata uraia moja kwa moja walipewa miaka miwili kuuomba. Wengi hawakuomba, wengine waliomba wakazungushwa. Halafu 1967 Kenya ikapitisha sheria mbili. Ya uhamiaji ilisema asiye raia lazima awe na kibali ndipo afanye kazi. Ya leseni za biashara ilisema asiye raia asifanye biashara nje ya maeneo fulani ya mji, wala asiuze bidhaa fulani bila ruhusa maalum, vitu kama mahindi, mchele na sukari. Familia iliyouza sukari kwa soko moja miaka 40 ikaambiwa ifunge.

Najua unachofikiri, kwa sababu ndicho nilichofikiria mimi: si ilikuwa haki yetu? Wahindi walikuwa wameshika biashara yote, Mwafrika angeanzia wapi? Swali ni la haki. Wakoloni ndio waliomzuia Mwafrika kukopa na kufungua duka la maana, na nchi mpya ilitakiwa kurekebisha hilo. Lakini angalia kilichofuata. Maelfu waliokuwa na pasipoti za Uingereza wakaanza kukimbilia huko. Uingereza nayo, ileile iliyowapa pasipoti, ikapitisha sheria kwa siku chache tu, tarehe 1 Machi 1968, kuwafungia mlango. Kuna watu walibaki hewani. Kenya inasema wewe si wetu, Uingereza inasema pasipoti unayo lakini usije.

Na hii kitu huwa inarudi kwa mwenyewe. Mwaka 1970 Uganda ya Obote iliamua kazi ni za Waganda kwanza. Maelfu ya Wakenya, wengi kutoka magharibi mwa nchi, waliofanya kazi reli, viwandani na mashambani, walifunga virago wakarudi nyumbani. Wakenya waliokuwa wakishangilia 1967 sasa walikuwa wanapokea ndugu zao Busia na Malaba.

Songa mbele mpaka juzi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara 15. Ile orodha mliiona: uwakala wa pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, udalali wa nyumba, kununua mazao shambani, na nyinginezo. Faini mpaka shilingi milioni 10 za Tanzania na kifungo mpaka miezi 6. Wakenya tulilia sana. Tulisema sisi ni Afrika Mashariki moja, tukakumbusha kwamba itifaki ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010 na inaahidi wafanyakazi uhuru wa kuvuka mpaka. Tulikuwa na hoja, sikatai. Lakini weka ile orodha kando ya sheria yetu ya 1967 uone zinavyofanana. Mtanzania anayeogopa kwamba Mkenya atamnyang'anya saluni anaogopa kitu kilekile nilichofokea kwa video yangu.

Hapa Kenya sheria ya sasa ni ya 2011. Vibali vimepangwa kwa herufi. B ni ya kilimo, D ni ya kuajiriwa, G ni ya biashara na uwekezaji, I ni ya wamisionari, M ni ya wakimbizi. Kwa ile D, mwajiri anatakiwa aonyeshe kwamba ujuzi anaoutafuta haupatikani kwa Mkenya. Kwa karatasi, yule fundi wa mashine asingekuja kama kuna kijana wa Bomet anayejua kazi ileile. Hapo ndipo hasira yangu bado iko hai. Kama sheria inasema ujuzi lazima ukosekane, basi kuna mtu anafaa kuulizwa: mtatufundisha lini, ili ukome kukosekana? Kibali kizuri cha fundi wa kigeni kingekuja na vijana wawili wa kusomea kazi kando yake, na tarehe ya kuwaachia.

Halafu kuna kitu kingine tunasahau tukipigia wageni kelele. Mei 2023 vijana walichoma mashine za kuvuna chai Kericho, kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi sana. Mashine haiombi kibali. Haina kabila, haina pasipoti, na hakuna herufi yake kwa ile sheria. Tungefukuza kila mgeni kesho, ile mashine ingebaki pale ikinguruma.

Sasa nifike kwa kilichonibadilisha.

Binamu yangu alienda nchi moja ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Ajenti alimwahidi mengi. Alipofika, bosi alichukua pasipoti na kitambulisho cha ukaaji, akaviweka kabatini. Kazi ikawa ya alfajiri mpaka usiku wa manane, mshahara ukawa wa kuomba. Alitaka tu kuhamia nyumba nyingine, hakuwa amesema arudi. Siku moja akapiga simu akilia, na mimi nilikuwa nimekaa na kogo jikoni. Nikampigia ajenti. Akanijibu kama mtu anayesoma bei ya viazi: "Hawezi kuhama mpaka bosi wake amwachilie." Akakata.

Kogo akaniuliza amesema nini. Nikamweleza kwa Kipsigis, maana neno "kafala" hata mimi nilikuwa nimejifunza wiki hiyo. Nikamwambia, huko kibali chako kinashikwa na aliyekuleta, ukitoka bila ruhusa yake unaandikwa mtoro na polisi wanaweza kukukamata. Alinyamaza kidogo, akasogeza kuni. Kisha akasema, "Kumbe hajatiwa sahihi."

Niliwaza hayo maneno wiki nzima. Mama wa miaka zaidi ya 80, ambaye hajawahi kupanda ndege, alielewa mfumo wa kazi wa Ghuba kwa sekunde tano, kwa sababu babake aliishi ndani yake akiwa Kericho.

Haki itendeke, mambo yamesogea kidogo huko. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la mfanyakazi kupata ruhusa ya bosi ndipo abadilishe kazi. Saudi Arabia nayo ilifanya mageuzi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa humo. Na wengi wa dada zetu wanaenda kazi ipi? Hiyohiyo.

Baada ya hapo nikarudi kusoma kuhusu ile D yetu, nikakuta kwamba kibali kinatolewa kwa kazi moja na mwajiri mmoja. Mgeni akitaka kuhama, anaanza maombi upya. Simaanishi eti yule fundi anateseka kama binamu yangu. Ana mkataba, ana hoteli, pasipoti iko mfukoni mwake. Lakini mgeni wa hali ya chini, yule mpishi, yule msichana wa kazi kutoka nchi jirani, akidhulumiwa Nairobi atalalamika kwa nani, kama akifungua mdomo anapoteza kazi na haki ya kukaa siku moja? Na bosi akishapata mtu asiyeweza kulalamika, wewe Mkenya unayejua haki zako atakuajiri wa nini? Hapo ndipo kazi yetu inapochukuliwa. Inachukuliwa na ule uoga wa mgeni, na anayeutumia mara nyingi ni bosi wa hapahapa.

Kwa hiyo msimamo wangu umebadilika. Nchi ina haki ya kuuliza nani anaingia na anakuja kufanya nini. Hilo sitaomba msamaha. Ila nikisikia habari ya kibali sasa nauliza kwanza: nani anakishika? Nani akikasirika kinaisha? Kama jibu ni bosi peke yake, hicho ni kikasha cha chuma kimebadilishwa sura. Na nikidai haki hiyo kwa binamu yangu huko ng'ambo, sina uso wa kumnyima mtoto wa mtu mwingine hapa kwetu.

Binamu alirudi Desemba, baada ya mkataba wake kuisha. Pasipoti alirudishiwa siku ya kusafiri, si mapema. Sasa anauza nguo siku ya soko hapa Chebunyo, na kuna siku anasema atajaribu tena kwenda, nchi nyingine. Sijamkataza. Nimemwambia tusome mkataba pamoja kabla ya kutia sahihi, mstari kwa mstari, na kogo akiwa hapo.

Ile video bado iko. Sijaifuta, nimeamua ikae ili hii ikae kando yake. Wewe ukirudi nyumbani wikendi hii, muulize mzee wenu kama babake alivaa kipande, na kwa shamba la nani. Muulize mapema. Hao wanaokumbuka hawabaki wengi.